Kusi, Kaskazi na Klorofili ya Bahari: Tahakiki ya Istilahi za Majira

1. Utangulizi

Elimu ya bahari ni mojawapo ya taaluma ambazo Kiswahili kinadaiwa kuzibeba bila kuchelewa. Waifanyao ni watafiti wa vyuo vikuu na wa taasisi za uvuvi, lakini wanaoihitaji ni wengi zaidi yao: bwana samaki wa wilaya, mwalimu wa jiografia, mtangazaji wa redio, na mvuvi mwenyewe ambaye kazi yake yote hufuata upepo na maji. Sehemu kubwa ya maarifa haya hutufikia kwa njia ya tafsiri. Kwa sababu hiyo hatuna budi kujiuliza ikiwa tafsiri hizo zinamfikisha msomaji kwenye jambo lenyewe, au zinamwacha njiani.

Makala haya yanatahakiki fungu moja dogo la istilahi, yaani zile zinazotumika kueleza jinsi klorofili ya bahari inavyozidi na kupungua kwa kufuata pepo za majira. Fungu hili limechaguliwa kwa makusudi. Ndani yake kuna mambo ambayo Mswahili wa pwani ameyajua na kuyapa majina kwa karne nyingi, na kuna mambo ambayo hakuna nahodha aliyepata kuyaona kwa macho yake. Mtungaji istilahi anayeshughulikia fungu hili hupimwa pande mbili: je, anatambua neno lililokwisha kuwapo, na je, anajua wapi pa kukopa?

Rai yetu ni kwamba istilahi ya majira yafaa ipimwe kwanza kwa kalenda na ramani, kisha ndipo ipimwe kwa sarufi na tahajia. Neno likiwa zuri la kutamkika, lakini likampeleka msomaji kwenye mwezi usiokuwa wenyewe, neno hilo limeshindwa kazi.

2. Jambo linaloelezwa

Kabla ya kuyahukumu maneno, ni vema tulieleze jambo lenyewe kwa ufupi.

Katika tabaka la juu la bahari, pale mwanga wa jua unapofika, huishi vijimea vidogo mno ambavyo havionekani kwa macho matupu. Tutaviita planktoni mimea. Kama mimea ya nchi kavu, navyo hutumia klorofili kunasa mwanga na kujitengenezea chakula. Hata hivyo mwanga peke yake hautoshi. Vinahitaji pia virutubisho kama naitreti na fosfeti, na virutubisho hivyo hukusanyika katika maji ya chini, yenye baridi na giza. Basi bahari ya ukanda wa joto huwa na jua tele juu na mbolea tele chini, na kati ya viwili hivyo huwapo tabaka linalozuia maji kuchanganyika. Kitu kinacholivunja zuio hilo, kwa sehemu kubwa, ni upepo.

Katika magharibi ya Bahari ya Hindi upepo huo hugeuka mara mbili kwa mwaka. Kusi huvuma toka kusini, kwa wastani kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kati yao kuna vipindi vya upepo mnyonge usiotulia upande mmoja.

Nguvu kubwa ya kusi huonekana kaskazini mwa Ikweta. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa Findlater alieleza mkondo wa upepo mkali wa chini unaopita mashariki ya Kenya, ukavuka Ikweta, ukaambaa mwambao wa Somalia na kuelekea Bara Hindi. Upepo huo huyasukuma maji ya juu mbali na pwani za Somalia na Omani, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Kati ya Juni na Septemba joto la uso wa bahari karibu na Ras Hafun huweza kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, jambo la ajabu kwa bahari iliyo karibu hivyo na Ikweta. Pamoja na baridi hiyo huja virutubisho, na klorofili huzidi miligramu moja katika kila mita ya ujazo ya maji, hali maji maangavu ya bahari kuu huwa na sehemu ya kumi tu ya kiasi hicho.

Kaskazi nayo ina kazi yake, ila huifanya kwa njia nyingine. Katika sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Arabu, upepo mkavu na wa baridi utokao nchi kavu huupoza uso wa maji. Maji yaliyopoa huwa mazito, huzama, na kuzama huko huchanganya bahari hadi kina cha virutubisho. Ndiyo maana huko kuna msitawi wa pili wa klorofili, kati ya Januari na Machi.

Kwetu, kusini mwa Ikweta, mambo si hayo. Mzunguko wa dunia huyapinda maji yanayosukumwa na upepo upande wa kulia katika nusu ya kaskazini ya dunia, na upande wa kushoto katika nusu ya kusini. Kwa hiyo kusi ile ile inayoyaondoa maji katika mwambao wa Somalia huelekea kuyasukumia maji pwani katika mwambao wa Tanzania. Mkondo wa Pwani ya Afrika ya Mashariki, ambao mwaka mzima hutiririka kwenda kaskazini mbele ya pwani yetu, nao hupata kasi zaidi. Kusi huchanganya tabaka la juu la bahari hadi kina kirefu. Kaskazi hulegeza mkondo na kuacha maji ya vuguvugu yaliyotulia, ambamo hustawi Trikodesmiumu, kijimea chenye uwezo wa kutumia naitrojeni ya hewani. Mtu akikiona kimekusanyika juu ya maji hudhani ni vumbi la mbao lililomwagwa baharini. Zaidi ya hayo, katika kipindi cha kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, hukutana na mkondo wetu mbele ya pwani ya Kenya, na maji ya kaskazini mwa Malindi kuelekea Lamu hupata rutuba.

Msomaji ashike jambo moja katika maelezo haya: upepo mmoja hufanya kazi tofauti mahali tofauti. Kwa hiyo istilahi inayotaja majira bila kutaja mahali, au inayotaja majira ya mahali pengine, haiwezi kuwa salama.

3. Neno “monsuni” na pepo mbili zilizofanywa nne

Vitabu na tafsiri nyingi hutumia “monsuni”, au “pepo za monsuni”. Historia ya neno hili yastahili kukumbukwa. Asili yake ni Kiarabu, “mawsim”, yaani wakati maalumu wa mwaka. Mabaharia wa Kireno walilichukua neno hilo katika bahari hii hii, likapita katika lugha za Ulaya, na sasa linarudi kwetu likiwa limevaa mavazi ya kigeni. Lakini Kiswahili kilikwisha kulipokea neno lile lile moja kwa moja kutoka kwa Waarabu, nalo ni “msimu”. Kwa hiyo asemaye “msimu wa monsuni” hutaja kitu kimoja mara mbili pasipo kujua.

Hatusemi kwamba “monsuni” litupwe. Wanaolitetea wana hoja yenye uzito: jambo hili la pepo kugeuka kwa majira halipo kwetu tu, bali lipo India, Asia ya Kusini-Mashariki, Australia ya kaskazini na Afrika ya Magharibi. Mwanafunzi anayesoma habari za dunia nzima anahitaji jina moja la jumla, na kuiita mvua ya Afrika ya Magharibi “kusi” kungekuwa kichekesho. Hoja hiyo tunaikubali. Tunachopinga ni kulitumia jina la jumla mahali ambapo jina mahususi lipo, linajulikana, na ni sahihi zaidi.

Usahihi huo unaonekana katika mfano ufuatao. Watafiti wanaoandika habari za Tanzania na Kenya huuita upepo wa Juni “monsuni ya kusini-mashariki”, kwa kuwa ndivyo unavyovuma kwetu. Wanaoandika habari za Somalia na Omani huuita “monsuni ya kusini-magharibi”, kwa kuwa ukishavuka Ikweta hupinda. Mtafsiri anayefuata neno kwa neno huzitia istilahi zote mbili katika Kiswahili, na msomaji huondoka akidhani kuna pepo mbili. Upande wa pili, “monsuni ya kaskazini-mashariki” huongezewa “monsuni ya majira ya baridi”, na hapo pepo mbili huwa nne. Ukweli ni kwamba upepo ni mmoja uliopinda njiani. Neno “kusi” huusema ukweli huo bila taabu: hutaja upepo utokao upande wa kusini, na halidai pembe ya dira. Nahodha aliyetoka Kilwa akapita Lamu hata Maskati hakuwa na haja ya kubadili jina la upepo alipovuka Ikweta, na mtafiti wa leo hana haja hiyo pia.

Yafaa tukumbuke pia kwamba katika lugha yetu pande za dunia zimepata majina kutokana na pepo. “Kusini” ni kwenye kusi, na “kaskazini” ni kwenye kaskazi. Kuyaacha majina ya pepo na kubaki na majina ya pande ni kushika tawi na kuuacha mti.

Vivyo hivyo kwa vipindi vya kati. Tafsiri nyingi husema “kipindi cha mpito baina ya monsuni”. Pwani ina “tanga mbili”, na ina “maleleji”. “Tanga mbili” humweleza msikilizaji hali yenyewe: upepo haujaamua, na chombo chaweza kwenda huku au kule. Kwa mtaalamu wa klorofili kipindi hiki kina maana kubwa, maana upepo ukilegea tabaka la juu hutulia na virutubisho havipandi. Mwisho wa kusi pia una jina lake, “demani”, wakati upepo ungali wa kusini lakini umepoa. Ripoti nyingi huuchanganya wakati huo na kilele cha kusi, na hapo neno la kale lingekuwa sahihi zaidi kuliko maelezo ya kisasa.

4. Kiangazi cha nani, na baridi ya nani?

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, liko katika majina ya majira. Vitabu vya Ulaya na Marekani hugawa mwaka kwa majira manne ya nchi zao, na huuita upepo wa Juni hadi Septemba kwa jina la msimu wao wa joto. Mtafsiri asiyetahadhari huandika “monsuni ya kiangazi”.

Tuchukue sentensi hii, ambayo tumeitunga kwa mfano: “Klorofili ya Bahari ya Arabu hufikia kilele wakati wa monsuni ya kiangazi, na huwa na kilele cha pili katika majira ya baridi.” Kisarufi haina ila. Sasa tuwape watu wawili waisome. Msomaji wa Tanga husikia “kiangazi” akafikiri jua kali la Januari na Februari. Akisikia “majira ya baridi” hufikiri kipupwe cha Juni hadi Agosti. Huondoka akiamini kwamba kilele cha kwanza ni cha Januari na cha pili ni cha Julai, yaani kinyume kabisa cha ukweli. Msomaji wa Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja, husikia “kiangazi” akafikiri miezi mikavu ya Mei hadi Oktoba. Huyu amepatia, lakini amepatia kwa bahati: anadhani sababu ni ukavu, kumbe huko kwenye bahari yenyewe ni wakati wa upepo mkali, mawingu na mawimbi.

Istilahi inayomfundisha mtu mmoja jambo na mwenzake kinyume cha jambo hilo, ndani ya nchi moja na lugha moja, haiwezi kuitwa sanifu. Usanifu wa istilahi hautokani na kuandikwa kwa tahajia moja tu. Hutokana na watu wote kuelewa kitu kimoja.

Tusidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu. Watu wa Dhofar, kusini mwa Omani, huuita wakati wa kusi “kharif”, wakati ukungu na manyunyu yanapoifanya milima ya Salala kuwa kijani. Katika Kiarabu cha vitabu neno hilo ni jina la majira ya majani kupukutika. Kwa Mdhofari halina utata, kwa kuwa anajua linasimama wapi. Hata hivyo likitolewa Dhofar na kutafsiriwa kwa kamusi tu, hupotosha. Jina la majira ni kama mti wenye mizizi katika ardhi yake, na anayeling’oa sharti ajue anakokwenda kulipanda.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imetuonyesha njia nzuri. Hutoa utabiri wake kwa majina ya masika, vuli na kipupwe, na hutaja miezi pamoja na jina. Njia hiyo yafaa iigwe na wanaoandika habari za bahari. Mtu akiandika “wakati wa kusi, Juni hadi Septemba”, ametoa jina linaloeleweka na tarehe isiyobishaniwa. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na kwa majira usemi huo ni kweli tupu.

5. Klorofili, umbijani na ukijani

Sasa tugeukie upande wa pili, wa mambo ambayo nahodha hakuyaona. Hapa hukumu yetu ni tofauti, na pengine itawaudhi baadhi ya wapenzi wa lugha.

Kwa kile kitu cha kikemia kilichomo ndani ya mimea, lugha yetu ina maneno mawili yanayoshindana: “klorofili”, la kukopa, na “umbijani”, lililotungwa. “Umbijani” lina sifa yake. Ndani yake mna sauti ya “kijani”, na mwanafunzi wa shule ya msingi hukumbuka mara moja kwamba linahusu majani. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake katika elimu ya bahari. Msomaji hudhani umbijani ni ile rangi ya kijani inayoonekana, ilhali mtaalamu anataja kitu kinachopimika kwa miligramu. Tena klorofili iko ya aina nyingi, na inayopimwa baharini ni hasa klorofili a. Neno la kukopa hubeba herufi hiyo bila taabu, na hukubaliana na majedwali ya kemia ambayo mwanafunzi huyo atakutana nayo baadaye. Kwa sababu hizo twaona “klorofili” litumike katika maandishi ya kitaalamu, na “umbijani” lisilaumiwe katika vitabu vya kuanzia.

La muhimu zaidi ni kutenga vitu vitatu ambavyo tafsiri nyingi huvichanganya. Cha kwanza ni rangi ya maji kama inavyoonekana: huo tuuite “ukijani wa bahari”. Cha pili ni klorofili yenyewe. Cha tatu ni viumbe vyenye klorofili hiyo, yaani planktoni mimea. Vitatu hivi vinahusiana, lakini si kitu kimoja.

Tofauti hii si ya kubishania maneno tu. Tangu setilaiti Nimbus-7 iliporushwa mwaka 1978 ikiwa na chombo cha kupima rangi ya bahari, kilichofanya kazi hadi 1986, ujuzi wetu mwingi wa majira ya klorofili umetoka angani. Baadaye kilifuata chombo SeaWiFS, kuanzia 1997 hadi 2010, na setilaiti Aqua iliyorushwa mwaka 2002. Vyombo hivi haviioni klorofili. Huona mwanga unaorudi kutoka baharini, hulinganisha sehemu yake ya buluu na ya kijani, kisha hesabu hufanywa kukadiria klorofili ya tabaka la juu. Mawingu yakitanda, havioni kitu, na wakati wa kusi mawingu hutanda sana juu ya Bahari ya Arabu. Klorofili iliyo kina kirefu navyo haviifikii. Karibu na midomo ya mito, kama delta ya Rufiji, tope na mabaki ya majani yaliyooza huweza kuidanganya hesabu hiyo. Isitoshe, kijimea kilicho gizani hujiongezea klorofili ili kunasa mwanga haba, kwa hiyo klorofili kuzidi si lazima viumbe vizidi.

Kwa hiyo anayetafsiri ramani ya namna hiyo kwa maneno “wingi wa mimea ya bahari”, au anayekwenda mbali zaidi akaandika “wingi wa chakula cha samaki”, amesema asilolijua mwenye ramani. Tafsiri ya haki ni “klorofili ya uso wa bahari, iliyokadiriwa kwa setilaiti”. Ni ndefu, lakini ni ya kweli.

6. Maji yanayopanda, maji yanayoibuka

Lipo tendo ambalo ndilo kiini cha habari yote: maji ya chini kuja juu baada ya upepo kuyaondoa ya juu. Wengi huliita “kupanda kwa maji”. Sisi wenyewe tumelitumia neno “hupanda” hapo juu tulipokuwa tukieleza, na katika maelezo halidhuru. Kama istilahi, halifai. Mtu wa pwani akiambiwa maji yanapanda hufikiri maji kujaa, bamvua, au mafuriko yanayoingia uani. “Bubujiko” nalo humpeleka kwenye chemchemi, kana kwamba maji yanatoka ardhini.

Lugha ina jozi ya vitenzi inayotosha: kuzama na kuibuka. Mpiga mbizi huzama, kisha huibuka. Kuibuka ni kutoka chini ya maji hadi juu, na ndivyo hasa maji haya yafanyavyo. Kutoka hapo tunapata “mwibuko wa maji”, na kwa tendo la kinyume, kama lile linaloelekea kutokea mwambao wetu kusi inaposukumia maji pwani, tunapata “mzamo wa maji”. Maneno haya mawili husimama pamoja na kuelezana, na mwanafunzi akilijua moja amelijua la pili.

Jambo linalofuata mwibuko, yaani vijimea kuzaana kwa wingi kwa muda mfupi, limepata majina mawili yasiyoridhisha. “Mchanuo” ni wa maua, na vijimea hivi havina maua. “Mlipuko” katika masikio ya watu ni wa bomu au wa maradhi. Ni kweli kwamba baadhi ya misitawi hiyo hudhuru, na hapo tahadhari inatakiwa. Lakini misitawi ya mwambao wa Omani na Somalia ndiyo inayolisha samaki. Kuuita kila msitawi “mlipuko” ni kumtisha mvuvi kwa habari ya neema. Twapendekeza “msitawi wa planktoni”, na pale wenye madhara unapotajwa, isemwe wazi kuwa ni “msitawi wenye sumu”.

7. Ubadilikaji si badiliko

Limebaki neno moja, ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina tatizo. Tafsiri nyingi zina kichwa cha maneno “mabadiliko ya klorofili”. Neno hili linatumika kwa mambo mawili yaliyo mbali.

La kwanza ni klorofili kuzidi Agosti na kupungua Aprili, kila mwaka, kwa kufuata upepo. Jambo hili huenda na kurudi. La pili ni klorofili kupungua mwaka hadi mwaka, kwa miongo, kwa sababu bahari inazidi kupata joto, na maji ya juu yaliyo vuguvugu huwa mepesi na kuzidi kukataa kuchanganyika na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba planktoni mimea ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilipungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita. Jambo hili la pili haliendi na kurudi.

Mvuvi akiambiwa tu kwamba “kuna mabadiliko ya klorofili”, atajibu kwa haki kwamba mabadiliko yapo tangu enzi za babu zake: kusi ikija bahari huwa hivi, kaskazi ikija huwa vile. Atakuwa amesema kweli, na atakuwa hakuelewa alichoambiwa. Kosa si lake, ni la aliyempa neno moja kwa mambo mawili. Mwenye mamlaka naye aweza kuutazama upungufu wa miongo akasema ni mambo ya msimu, yatapita, na neno likampa kimbilio.

Kwa ajili hiyo twapendekeza “ubadilikaji wa kimajira” kwa lile la kwanza, kwa kuwa umbo hilo hutaja tabia ya kitu ya kubadilika-badilika. Kwa la pili litumike “badiliko la muda mrefu”, na litajwe pamoja na “tabianchi” pale sababu yake inapojulikana. Tofauti ya maumbo ni ndogo, lakini lugha yetu imezoea kubeba maana kubwa katika viambishi vidogo.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, waandishi wa vitabu na wahariri:

(a) “Monsuni” libaki kwa maana ya jumla. Kwa magharibi ya Bahari ya Hindi yatumike “kusi”, “kaskazi”, “tanga mbili” na “demani”.

(b) Maneno “kiangazi” na “majira ya baridi” yasitumike kutafsiri majira ya Ulaya katika habari za bahari hii. Daima miezi itajwe, na mahali patajwe.

(c) “Klorofili” litumike kwa kitu kinachopimwa, “ukijani” kwa rangi inayoonekana, na “planktoni mimea” kwa viumbe.

(d) “Mwibuko” na “mzamo” wa maji yachukuliwe kuwa jozi, na “msitawi” lishike mahali pa “mlipuko”.

(e) “Ubadilikaji wa kimajira” utengwe na “badiliko la muda mrefu”.

Huenda mtu akasema kwamba mapendekezo haya yameipendelea pwani, na kwamba msomaji wa Songea au Bukoba hajui demani ni nini. Ni kweli hajui. Lakini naye hajui monsuni ya kiangazi ni nini, ila anadhani anajua. Neno asilolijua litamfanya aulize au afungue kamusi, na kamusi itamwambia ukweli. Neno analodhani analijua halitamfanya aulize lolote. Kati ya hatari hizo mbili, mkuza istilahi achague ile ambayo msomaji anaweza kujiokoa nayo.